Kumbukumbu Yangu Nilihudhuria Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana. Hiyo amina ni ya watu wanaofikiria wali ulio jikoni, na ninaijua kwa sababu wali wenyewe nimeupika mimi. Bwana asifiwe tena! Haya, hapo mmeamka. Mchungaji amenipa dakika chache, na mnajua mimi na dakika chache hatujawahi kuelewana.

Kwa wageni wetu, mimi naitwa Rael, Mama Chebet, wa hapa hapa Rongai. Mume wangu ni yule mzee aliyekaa karibu na mlango, ameweka kofia magotini, anatazama viatu vyake. Huyo ndiye Joel. Aliendesha mashine ya kuvuna ngano huko Njoro miaka mingi, na mimi naamini kelele za ile mashine zilimmalizia maneno yote. Mtazameni vizuri, kwa sababu haya yote ninayowaambia yalitokana na simu fupi aliyopiga huyo mzee.

Kazi yangu katika kanisa hili ni kupika. Uliyeoa hapa, nilikupikia. Uliyefiwa hapa, nilikupikia. Kuna mmoja alioa, akafiwa, akaoa tena, na zote nilipika mimi nikanyamaza. Mimi kunyamaza! Mungu peke yake anajua nilivyoumia.

Na nilipika kwa mwiko mmoja tu. Ni mrefu, unanifika kifuani, wa mti mgumu. Baba mkwe aliuchonga kwa mkono wake nilipoletwa hapa bibi arusi, akanikabidhi mbele ya watu akasema, "Msichana, huu ni wa ugali. Lakini Joel akikusumbua, pia ni wako." Sijawahi kuutumia kwa Joel. Nimekaribia, lakini sijawahi.

Basi, ndugu zangu, nikapata uvimbe kwenye titi. Nasema titi hapa mbele ya madhabahu, na nyinyi wazee wa kanisa msiangalie dari, hata nyinyi mlinyonya. Nikapelekwa hospitali kule Nakuru mjini, wakapima, wakasema ni saratani. Wakanikata. Halafu wakaniambia kuna dawa ya kuingia mshipani, ile wanayoita kemo, na itakuwa ya awamu nyingi. Binti yangu Chebet ni mwalimu, anakaa Kiamunyi, akasema, "Mama, utakaa kwangu, huko ni karibu na hospitali." Nikakaa.

Nywele zikatoka. Hiyo haikunisumbua sana, nikagundua nina kichwa kizuri cha mviringo. Kucha zikawa nyeusi. Hiyo pia nikavumilia. Lakini siku moja Chebet akaniletea chai, nikaonja, nikapata ladha ya msumari. Nikasema labda ni maziwa ya town. Nikaonja ugali, msumari. Nyama ya mbuzi, msumari uliochomwa. Nikaweka chumvi kwenye ulimi hivi, chumvi tupu, nikangoja. Hakuna! Ndugu zangu, mpishi asiye na ulimi ni nini? Nilikuwa nikionja kijiko kimoja najua kama mama wa bibi arusi amekubali ile mahari au bado ana kinyongo. Sasa nilikuwa sijui chumvi na sukari ni ipi.

Halafu kukawa na wageni. Mungu awabariki wote waliokuja kuniona, lakini wengine mlikuwa ugonjwa wa pili. Mtu anaingia, anakaa, anashika shavu, anasema, "Pole Mama Chebet. Hata shangazi yangu alikuwa na hiyo hiyo." Mimi nafurahi kidogo, nauliza, "Na anaendeleaje?" Anasema, "Tulimzika." Halafu anaomba chai! Mwingine alikaa hapo akiangalia vile viti vya Chebet anahesabu wangapi wataenea sebuleni. Nilimwona. Yuko hapa leo, na amekaa nyuma ya nguzo, na nguzo haijamtosha.

Nikachoka. Nawaambia ukweli wa Mungu, nilichoka hadi ndani ya mifupa. Awamu za dawa zilikuwa bado zimebaki, nikamwambia Chebet, "Mimi huko sirudi. Hiyo dawa wampe mwingine." Chebet akalia, akabembeleza, akanitishia kwa sauti ile ya darasani. Nikageukia ukuta. Siku ya sindano ikafika ikapita. Ikafika nyingine ikapita.

Nikafanya na jambo lingine. Nikamwita Joel nikamwambia, "Chukua mwiko wangu umpelekee Mama Njoki."

Sasa, Mama Njoki mnamjua. Ndiye huyo amevaa kitambaa cha manjano. Shamba letu na lao yamepakana, tumeolewa hapa karibu wakati mmoja, na tumegombana juu ya chumvi tangu tukiwa mabibi arusi. Ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Lakini wali wake, mnisamehe, ukiurusha ukutani unashika. Sikumpa mwiko kwa sababu anajua kupika. Nilimpa kwa sababu, nikishampa Mama Njoki mwiko wangu, basi ni kweli nimekubali kufa. Joel aliubeba begani kama bunduki, akaenda, akarudi mikono mitupu.  Siku hiyo hakula, na Joel si mtu wa kukosa kula.

Kule hospitali kulikuwa na msichana mmoja kaunsela, mshauri wa wagonjwa, anaitwa Nekesa. Mdogo, sauti laini, lakini king'ang'anizi kama kupe. Alikuwa akipiga simu kwa Chebet kila mara kuniulizia. Mwishowe hao wawili wakanifanyia ujanja. Chebet akaniambia tunaenda mjini kununua viatu. Nikashuka kwenye gari, naangalia hivi, ni geti la hospitali!

Nekesa akaja kunipokea. "Karibu Mama. Leo si sindano. Hakuna daktari. Ni kukaa tu na wenzako mkikumbuka mambo ya zamani. Tuko na kikundi cha kumbukumbu, kila Alhamisi."

Ndugu zangu! Niliposikia hilo neno nilisimama pale pale. Kwetu kumbukumbu ni nini? Si ni ile ibada ya katikati ya wiki, mtu akiwa mochari, kabla hajaletwa nyumbani kuzikwa Jumamosi? Si nimezipikia mimi mwenyewe, mchele na ndengu na kabeji? Nikamwambia, "Msichana, mimi bado napumua! Unanitangulizia kumbukumbu? Hata hamna haya?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Pole Mama. Ni kukumbuka tu, si kukumbukwa. Na kuna chai." Nikamwambia chai yenyewe ni ya msumari, lakini nikaingia, kwa sababu miguu ilikuwa inauma na Chebet alikuwa ameenda na gari.

Ndani kulikuwa na viti vimezungushwa, na watu kama mimi, vilemba na kofia. Kando yangu alikaa Mzee Otieno. Huyo alikuwa na saratani ya koo, sauti yake ilibaki mnong'ono tu, ukitaka kumsikia lazima umwinamie kama unaambiwa siri. Zamani alikuwa anachoma mikate hapo mjini. Nekesa akamwambia, "Mzee, tukumbushe siku moja kazini." Basi yule mzee akatuinamisha wote, akanong'ona kuhusu siku aliyosahau hamira. Mikate ikatoka migumu kama tofali, na wateja wakanunua kwa sababu ilikuwa bado moto. Kesho yake mteja mmoja akaja kumwambia, "Boss, ule mkate wako, mke wangu ameweka mlangoni usijifunge na upepo. Uko na mwingine? Tuko na milango miwili."

Tulicheka! Mzee mwenyewe alicheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Nikashangaa, kumbe bado najua kucheka.

Halafu Nekesa akanigeukia. "Na wewe Mama? Chakula cha kwanza ulichopika cha watu wengi." Nikasema sina kitu. Akangoja. Yule msichana anajua kungoja! Nikaona nimwambie kidogo tu aniache. Nikaanza na ile arusi ya Njoro, wakati nilikuwa bado mgeni katika ukoo, na mpishi aliyekuwa amewekwa akalewa, wakanisukuma mimi mbele. Nikawaeleza kuhusu mvua iliyokuja pilau ikiwa karibu kuiva, na turubai lililojaa maji juu ya jiko likapasuka, maji yote ndani ya sufuria. Na mimi, badala ya kulia, nikachukua mwiko nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba hii ni supu ya arusi, ya watu wa heshima, inanywewa kwa bakuli. Waheshimiwa wakanywa. Kuna mmoja alikuja kuniomba namna ya kuipika!

Nekesa akauliza, "Na kabla ya mvua, harufu ilikuwaje?" Nikasema, "Ya kitunguu. Kitunguu kikianza kuwa cha kahawia, kabla hakijaungua, hapo ndipo unatia nyama." Na nikiwa nasema hivyo, mate yakanijaa mdomoni. Mate! Nilikuwa nimesimama, nakoroga hewa kwa mikono miwili, Mzee Otieno ameweka kofia juu ya goti kama sahani anangoja kupakuliwa. Ndugu zangu, ile pilau yote, kuanzia kitunguu mpaka mvua, nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa.

Sikuokoka hapo, msikimbie mbele. Nilipotoka nilimwambia Nekesa, "Kikundi nitakuja. Sindano siji." Akasema, "Sawa Mama. Alhamisi ijayo, kila mtu aje na kitu chake cha zamani cha kazi. Tukishike tukikumbuka."

Kitu changu cha kazi! Kilikuwa kwa Mama Njoki kinaharibu wali.

Nikamwambia Joel, aliyekuwa amekuja kukaa nasi Kiamunyi wiki hiyo, "Piga simu kwa Mama Njoki, mwambie niko na kumbukumbu Alhamisi, na naomba mwiko." Joel akatoka nje na simu. Ndugu zangu, mnajua jinsi Joel anavyoongea. Sauti kama ya mtu aliye chini ya kitanda. Hivi ndivyo alivyosema, na Mama Njoki ameniapia ni neno kwa neno: "Mama Njoki. Kumbukumbu ya Mama Chebet ni Alhamisi, kwa Chebet. Kuja na mwiko."

Akakata simu! Basi! Hakuna salamu, hakuna "ameniambia". Na chaji ikaisha, na Joel huchaji simu vile ng'ombe hunywa maji, akipita karibu.

Mama Njoki alikaa chini kwenye matope katikati ya ng'ombe akalia. Alipomaliza kulia akaita akina mama. Kuna aliyesema tumpigie Chebet tuhakikishe. Mama Njoki akamwuliza, "Wewe ndiye utapigia mtoto wa watu umwulize kama ni kweli mamake amekufa?" Hakuna aliyekuwa na moyo huo. Na ule mwiko ulioitishwa, wakajua ni wa nini. Nani atapika na mpishi mwenyewe ndiye amelala?

Alhamisi asubuhi, Chebet yuko shuleni. Joel ameenda kinyozi, kwa sababu alisema hawezi kunisindikiza hospitali akiwa na kichwa kama kichaka. Mimi niko kitandani na gauni langu jeupe la kulalia, napumzika kidogo kabla ya safari. Nikasikia lori. Nikasikia wimbo, tena ule wa polepole, ule wa kutoa mwili mochari. Nikajisemea, maskini, jirani wa Chebet amefiwa.

Nikafunua pazia kidogo. Hema linasimamishwa. Viti vya plastiki vinashuka. Mawe matatu yamewekwa, kuni zimewashwa, sufuria kubwa ya kanisa iko juu. Nikasema, hawa majirani wa Kiamunyi ni watu wa ajabu, wanafanyia matanga kwa uwanja wa mtoto wangu bila kuomba ruhusa! Halafu nikatazama vizuri. Ile sufuria naijua. Ina kovu. Yule mwenye miwani ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Yule ni mchungaji. Na kwenye meza, ndani ya fremu, ile picha yangu niliyopigwa nikiwa nimekasirika!

Nikakaa kwenye kona ya kitanda. Ndugu zangu, nilijifinya. Kwa dakika moja sikuwa na uhakika.

Kumbe walikuta nyumba kimya wakadhani Chebet na Joel wako mochari, basi wakaanza kunisifu. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia yote. Mwenyekiti akasimama akasema, "Marehemu alikuwa mtu mpole." Mpole! Mimi! Nikatazama huku na huku nione ni marehemu gani. "Mtu wa maneno machache." Uongo mtupu, mbele ya mchungaji, na hakuna aliyepinga! Nilikuwa karibu kutoka kumsahihisha, lakini Mama Njoki akasimama, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Akasema, "Mwenyekiti, hebu kaa chini. Rael hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo kama shoka." Watu wakaguna. Akaendelea. "Lakini wakati ule mbaya wa fujo za kikabila, mnaujua, wakati jirani alikuwa anaogopa jirani, na mimi na watoto tulilala ndani ya kanisa, ni nani alikuja? Watu wake walimkataza. Alipita katikati yao na sufuria ya uji kichwani na huu mwiko mkononi, hakuna aliyethubutu kumgusa. Akafika akatuambia, kunyweni haraka, niko na kazi nyumbani. Alikuja kila siku. Mimi asante yangu ilikuwa kumgombeza kuhusu chumvi, na sasa amekwenda."

Nililia, ndugu zangu. Nililia nyuma ya pazia, nimeziba mdomo kwa mto. Ile sufuria ya uji nilikuwa nimeisahau kabisa! Saratani ilikuwa imekaa mbele ya kila kitu, hata sikuona kwamba huko nyuma kuna maisha mazima, na ni yangu.

Nikiwa bado nalia, pua ikashtuka. Kuna kitu kinaungua. Nikanusa tena. Wali! Nikachungulia, na nikaona kitu ambacho sitakisahau. Mama Njoki amerudi kwenye sufuria, amepandisha moto mpaka miali inalamba ukingo wa sufuria, na anaukoroga wali. Anaukoroga! Kama uji!

Sikufikiria kilemba. Sikufikiria viatu. Nilifungua mlango wa mbele nikatokea hivyo hivyo, upara, mifupa, gauni jeupe mpaka kwenye vidole, na nikapiga kelele: "NANI ANAKOROGA WALI?"

 Mtu wa kwanza kukimbia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kwaya ya akina mama, ambayo kila Jumapili inatuimbia kwamba haiogopi kifo, iliruka ua la michongoma, na mkitaka ushahidi muulizeni sauti ya pili kwa nini alikosa kanisa wiki iliyofuata. Yule wa nguzo alijaribu kuingia kwenye tangi la maji. Mchungaji, nakupongeza, wewe hukukimbia. Ulinyoosha mkono ukasema, "Ushindwe! Ushindwe kwa jina la Yesu!" Na mimi nikajibu, "Ushindwe wewe na huo moto! Toa kuni!"

Na mchungaji akatoa kuni. Si uongo, mchungaji.

Mama Njoki alibaki amesimama, ameshika mwiko, macho kama sahani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ngai, Mungu wangu! Rael, umetoka huko mbali kwa sababu ya chumvi?"

"Kwa sababu ya wali! Mama Njoki, kukoroga wali ni mwiko, na wewe unaukoroga kwa mwiko wangu!"

Akanikaribia polepole. Akanifinya mkono, tena kwa kucha. Nikapiga nduru. Akageuka akawatangazia wale walio kwenye ua, "Anaumia! Ni mzima!" Na akanikumbatia kwa nguvu, na wali ukazidi kuungua.

Nikamnyang'anya mwiko. Nikachota kidogo kando ya sufuria, nikaonja, kwa mazoea tu, nikasema, "Na hata hauna chumvi." Halafu nikasikia nilichosema. Nikaonja tena. Hauna chumvi! Mimi, Rael, nimejua kwamba hauna chumvi! Daktari baadaye alinieleza kwamba ukikaa muda bila dawa ladha hurudi pole pole. Sawa, daktari. Lakini siku ilichaguliwa na Mungu.

Basi watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wananigusa, wanalia, wanacheka, mwingine anatoa miiba. Na ilikuwa hapo, ndugu zangu, Joel aliporudi kutoka kinyozi.

Yeye aliona nini? Aliacha mke kitandani. Akafika getini akakuta hema, picha yangu mezani, na akina mama wamekumbatiana wanatokwa na machozi. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya sufuria, hakuniona. Joel akaangusha kofia. Na huyo mzee ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi, alipiga magoti kwenye vumbi akafungua mdomo.

"Rael! Rael wangu! Nimeenda kunyolewa tu! Ee Mungu, nilikuomba unichukue mimi! Ningemwambia. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Ile nyumba nitaingia nikisikia nini? Nani atanigombeza mimi sasa? Nani atanigombeza?"

Hakuna aliyecheka. Nilizunguka sufuria nikasimama mbele yake na mwiko wangu.  Nikasema, "Mimi. Na nianze na hicho kichwa. Ni nani amekunyoa hivyo?"

Akainua uso. Sitaueleza ule uso. Ni wangu.

Nilimwinua, tukakaa kwenye viti vya kumbukumbu yangu, na hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Si siku ya kupasuliwa, si siku ya vipimo. Kilichokuwa kinaniua kabla ya saratani ni kule kuamini kwamba nimekwisha, kwamba nimebaki mgonjwa tu. Nikamwambia Joel, "Nipeleke. Sindano nitadungwa." Akasema, "Sawa." Maneno yake yalikuwa yamekwisha tena.

Mama Njoki alisikia. Akaja akautoa mwiko mkononi mwangu. "Huu utaupata siku ile utamaliza dawa yote. Kabla ya hapo, wali wa kanisa napika mimi." Kanisa zima likageuka likanitazama kwa macho ya kuomba! Ndugu zangu, mliniombea kwa bidii miezi ile, na ninajua sababu.

Nilirudi. Ilikuwa vigumu, sitawadanganya. Msumari ulirudi mdomoni. Lakini kila siku ya sindano Mama Njoki alikaa kando yangu na ule mwiko magotini, walinzi wa hospitali wakamzoea, na dawa ikiingia alikuwa ananiuliza, "Unakumbuka ile siku?" Na tunaanza. Dawa inaisha kabla hatujakubaliana nani alikuwa na makosa.

Mzee Otieno alitutoka. Kumbukumbu yake ilikuwa ile ya kweli, nilienda. Watoto wake wakasoma kuzaliwa kwake, shule yake, kuugua kwake. Nikaomba kusema, nikawaambia kuhusu ile mikate isiyo na hamira na yule mteja wa milango miwili. Hawakuwa wameisikia hata mara moja. Mwanawe mkubwa alicheka akilia, mabega yanaruka bila sauti, kama babake. Nikasema moyoni, Mzee, umepakuliwa.

Mimi nilimaliza dawa. Bado naenda kupimwa, na nikiitwa nitakwenda, sijui kesho yangu na wewe hujui yako. Wewe mgonjwa uliye hapa, usiache dawa, na usiache kumwambia Mungu yote, hata kwa hasira, anavumilia. Na nyinyi mnaokwenda kuona wagonjwa, wacheni habari za shangazi. Kaa chini, mwambie, "Nikumbushe ile siku." Na kama una neno zuri juu yake, mwambie akiwa hapo, ili ukisema uongo akusahihishe. Wewe Joel, simama kidogo wakuone. Haya, kaa. Amesema asubuhi leo kwamba chai ilikuwa tamu. Ndiyo, maneno matatu mazima!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Nekesa, na Chebet na viatu vyake ambavyo mpaka leo hajaninunulia. Na Mama Njoki, asante. Nimekwambia bila kugombana, mashahidi mko.

Mwiko ni huu hapa, mnauona. Tukitoka, mtakula. Wali uko na chumvi, nimeonja mwenyewe. Na mtu asiukoroge!